Mvua ya Saa Tisa Haisomi Kanuni

Thelathini na tisa ni alama ya uchokozi. Mwanafunzi akipata 12 hanisumbui. Anajua alichoandika, nami najua asichoandika, tunapishana kwenye korido kwa heshima. Lakini mpe 39, moja tu chini ya ile 40 ya kumvusha, na umejitafutia wageni. Kwanza atakuja mwenyewe. Halafu mwakilishi wa darasa. Halafu itaingia simu ya mjomba fulani, mzee wa kanisa, ambaye anataka tu kujua kama nimeamka salama.

Mimi ni mhadhiri wa muda, yaani nafundisha kwa vipindi na kulipwa kwa ahadi. Somo langu ni Usanifu wa Kompyuta, mwaka wa pili. Chuo chenyewe nitakiacha bila jina, kwa kuwa bado nakidai na sitaki ugomvi. Inatosha kujua kwamba kiko katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, ambako elimu ya juu imeota haraka: Kabianga ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, Bomet ikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2017, na kampasi ndogondogo za vyuo vya mbali zimekuja na kuondoka juu ya maduka ya simiti na mabati. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Chai huteremshwa kwa lori kutoka Kericho hadi kwenye mnada wa Mombasa; mimi nilipanda kinyume chake, na shati la mikono mifupi.

Kanuni zangu sikuzitunga hewani. Somo hili lina wazee wake. David Patterson wa Berkeley na John Hennessy wa Stanford walitoa kitabu chao kikubwa mwaka 1990, wakatunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2017, na hadi leo nusu ya walimu wa usanifu duniani hufundisha wakiwa wamesimama kwenye kivuli chao. Vyuo vya huko kwao huweka kanuni za masomo wazi, kila mtu azione: lini kazi inakabidhiwa, kuchelewa kunakatwa alama ngapi, nani azungumze na nani kuhusu swali lipi, na ukiona umeonewa ulalamike vipi. Nilizisoma, nikazipenda, nikazileta Kericho zikiwa nzima. Nazitetea hata sasa. Ni kanuni safi, za watu waliofikiria kila kitu isipokuwa matope.

Jedwali la gredi tu ndilo sikuligusa, maana hilo seneti za vyuo vyetu zimeshaliamua. Kwa Wamarekani wengi A huanzia 90. Kwetu A ni 70, B ni 60, C ni 50, D ni 40, na chini ya hapo unangojewa na mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu. CAT, yaani majaribio ya ndani ya muhula, pamoja na kazi za nyumbani zina 30 kwa mia, mtihani wa mwisho 70. Mgeni akiona kijana mwenye 71 anabebwa juujuu hudhani tumejirahisishia maisha. Aje kwanza asahihishwe na wahadhiri wetu.

Sasa, ndani ya kanuni hizo kulikuwa na kitu kinachoitwa siku za akiba. Kila mwanafunzi anapewa siku nne kwa muhula mzima, za kuchelewesha kazi bila kuulizwa sababu. Azitumie zote kwa kazi ya kwanza au azigawe, shauri yake. Faida yake ni kumwondolea mwalimu kazi ya kupokea tanzia. Mwanafunzi wetu, Mungu amsitiri, huzika nyanya kila CAT inapokaribia, na wapo ambao kwa hesabu yangu wamekwisha zika nyanya wengi kuliko maumbile yanavyoruhusu.

Haukupita muda soko likafunguka. Siku ya akiba ilikuwa mali, na mali ina bei. Hali ya hewa ikiwa nzuri, siku moja ilikwenda kwa chapati mbili na ndengu pale kibandani nje ya geti. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya msitu wa Mau, bei ilipanda. Kijana mmoja mpole, ambaye hakuwahi kuchelewesha chochote maishani mwake, aliibuka tajiri. Alikopesha siku kwa riba na kupokea malipo kwa M-Pesa. Nilijua haya pale mteja wake mmoja aliponijia ofisini, yaani kwenye benchi lililo chini ya ngazi, kulalamika kwamba ameuziwa siku ambayo ilishatumika. Alitaka nimfidie.

"Kanuni gani inakuruhusu kununua siku?" nikamuuliza.

"Gani inanikataza, mwalimu?"

Nilikunjua karatasi nikaisoma kuanzia juu hadi chini. Haikuwapo. Wale wa Berkeley hawakuwahi kuwaza chapati.

Lakini chapati ni jambo dogo. Kubwa ni mvua. Asubuhi Kericho huwa na jua la kumdanganya mtu wa pwani avue sweta. Inapofika saa nane, saa tisa, unyevu uliopanda kutoka upande wa Ziwa Victoria umekwisha rundikana juu ya vilima, na mbingu inafunguka. Mara nyingi inamwaga mawe. Nyanda hizi za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mtafiti mmoja, Russell Schnell, alipoichunguza habari hiyo alikuta kwamba chembe za majani makavu ya chai, pamoja na bakteria wanaoishi juu yake, ni hodari wa kuanzisha barafu mawinguni. Yaani wachumaji wanapopita mashambani wanatimua vumbi, vumbi linapanda, barafu inashuka, nguzo ya stima inalala, na kazi yangu ya pili, kuhusu kache na kumbukumbu, haikabidhiwi. Chai inajipiga yenyewe, halafu inawapiga na wanafunzi wangu.

Kwa kanuni za kigeni, mlango wa mtandao hufungwa usiku, saa sita kasoro dakika moja. Siku ya kazi ile ya kache stima ilipotea saa tisa alasiri na haikurudi. Intaneti ya chuo ikaenda nayo. Mahali pekee palipobaki na mtandao wa simu palikuwa kilimani, chini ya mnara, na mnara wenyewe umezungukwa na shamba la watu. Saa tano na nusu usiku simu yangu ikalia.

"Hallo, wewe ndiye mwalimu wa kompyuta?"

"Ndiye."

"Mimi ni askari wa shamba. Niko na watu kumi na wanne hapa kwa chai. Wamejifunika gunia, wamewasha simu. Nimewauliza wanafanya nini, wanasema wanasabmiti."

"Ni wanafunzi wangu, afande."

"Wanasabmiti nini usiku? Mmoja ananiambia kache. Mimi hapa usiku nashika watu na majani mabichi, kache sijaambiwa."

"Tafadhali waruhusu wamalize."

"Wanamaliza saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika moja."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mvua ikigonga kofia yake.

"Kasoro dakika moja ni ya nini, mwalimu?"

Nimekaa na shahada mbili na swali hilo halijapata jibu. Lakini yule bwana alikubali. Alisimama hapo na tochi yake, na saa ilipofika nilimsikia kwa masikio yangu, simu ikiwa bado hewani, akipaza sauti: "Haya, saa imeisha! Wote shukeni!" Asubuhi alinitumia ujumbe: waliofaulu kutuma ni kumi na mmoja, watatu mtandao uliwakataa, na majina yao haya hapa. Kwa miaka ambayo nimekuwa katika kazi hii sijapata msimamizi wa mitihani mwenye ripoti fupi na safi kama ile. Wale watatu niliwapokelea kazi zao, ushahidi wa afande ukiwa kiambatisho.

Kuhusu kunakili, nako nilikuwa nimejiandaa. Ipo programu inayoitwa MOSS, ya Alex Aiken, tangu mwaka 1994. Unaipa kazi za darasa zima nayo inakuonyesha nani anafanana na nani. Wanafunzi wangu huandika asembli ya MIPS na kuijaribu kwenye MARS, kiigizi cha bure kinachokubali hata laptopu iliyochoka. Nikapeleka kazi zao kwa MOSS. Jibu lilirudi kwamba kila mtu anafanana na kila mtu. Ilikuwa picha ya ukoo.

Mwakilishi wa darasa alisimama kulitetea taifa. "Mwalimu, laptopu inayokubali ile programu ni moja. Mwenyewe akimaliza, wa pili anaanzia pale mwenzake alipoachia. Kuandika upya ni kumaliza chaji."

"Na kanuni inayosema jadilianeni lakini kila mtu aandike yake?"

"Tulijadiliana sana, mwalimu. Tukakubaliana."

Halafu ikaja akili unde. Kazi moja ilianza kwa maneno ya furaha kwamba bila shaka, hili hapa jibu lililoandikwa kwa mtindo wa mwanafunzi wa mwaka wa pili nchini Kenya. Mwenye kazi alikuwa amenakili hata hiyo salamu. Nilipoisoma mbele ya darasa wote walicheka, naye akacheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Nikapiga marufuku. Mkono ukanyooshwa nyuma, wa binti ambaye mamake amechuma chai kwenye mashamba makubwa tangu ujana wake. Alitaka kujua mbona mashine ya kuchumia chai inaruhusiwa na hii yao inakatazwa. Mei 2023 watu walizichoma mashine hizo hapahapa Kericho kwa hasira ya kazi zilizopotea, kwa hiyo swali halikuwa la mzaha, na darasa zima lilinigeukia kuona nitalipokeaje. Nilisema ya kwamba kwenye somo hili mimi sinunui majani, nanunua mikono iliyozoea kuyachuma. Alinitazama, akaandika kitu. Sijui kama alikubali.

Sehemu ya muhula niliyoipenda kuliko zote haikuwa kwenye kanuni kabisa. Tulikuwa tumefika kwenye paipulaini, ambayo ndiyo moyo wa prosesa ya kisasa, na darasa lilikuwa linanitazama kwa macho ya samaki wa barafu. Nikafikiri: hawa wamezaliwa kando ya kiwanda. Nikaomba ruhusa katika kiwanda kimoja upande wa Litein, tukaenda.

Alitupokea fundi wa zamu, mzee aliyevaa koti lililokuwa jeupe zamani za kale. Akatuonyesha. Majani mabichi hufika jioni kwa lori kutoka vituo vya kununulia, yanatandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa hewa usiku kucha yalegee. Kutoka hapo yanapita kwenye rola za meno zinazoyasaga na kuyasokota. Yanaachwa kwa saa moja na zaidi yageuke rangi kutoka kijani kuwa shaba. Yanaingia kwenye kikaushio. Mwisho yanachekechwa na kupakiwa. Kilo nne na ushei za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai kavu.

"Na hakuna mahali panapongojea," mzee akasema. "Ya Jumatatu ikikauka, inayofuata inageuka rangi, inayofuata inasagwa."

Ndiyo hiyo, nikawaambia. Prosesa nayo ina amri tano mkononi kwa wakati mmoja: ya kwanza inaandikiwa matokeo, ya pili iko kwenye kumbukumbu, ya tatu inakokotolewa, ya nne inafasiriwa, ya tano ndiyo kwanza inachukuliwa. Kila amri moja bado inachukua muda wake uleule. Kinachoongezeka ni idadi ya zinazotoka kwa saa. Kwa mara ya kwanza muhula ule niliona watu wanaandika bila kuambiwa.

Papo hapo shinikizo la mvuke likashuka. Kikaushio kikaanza kupoa, na mzee akaruka hewani kwa namna ambayo umri wake haukuwa umetutayarishia. "Simamisha nyuma! Simamisha nyuma!" Rola zikanyamaza. Majani yaliyokuwa yameshageuka rangi yakabaki hapo yakizidi kugeuka, na kila dakika ilikuwa hasara.

"Mwalimu!" kijana mmoja akapaza sauti kwa furaha isiyofaa mahali pale. "Hiyo ni stoli! Hatua moja imekwama, zote za nyuma zinangoja!"

"Hiyo ni kuni mbichi," mzee akasema.

Mambo yalipotengemaa, mwingine akapendekeza kiwanda kiongeze seti ya pili ya rola ili kazi iende mbio. Mzee akamwuliza, ukishasaga mbio utapeleka wapi, na kikaushio ni kilekile? Gene Amdahl aliyasema hayo mwaka 1967, na tangu hapo tunayafundisha kwa fomula: kasi ya mfumo mzima inazuiwa na ile sehemu ambayo hukuigusa. Mzee aliyasema akiwa na mkono mmoja kiunoni, na kwenye mtihani watu walilipata swali lile kuliko lingine lolote.

Nikaona nimtajie mzee prosesa ya Pentium 4 ya mwaka 2004, ile ambayo Intel waliipa paipulaini ya hatua 31. Akauliza ikikosea karibu na mwisho inakuwaje. Nikamwambia prosesa hukisia njia mapema, na ikigundua baadaye sana kwamba ilikisia vibaya, kazi yote iliyofuata nyuma hutupwa na kuanzwa upya. Akatikisa kichwa.

"Hao majani walikuwa hawalipii."

Chumba cha mwisho ni cha ungo. Hapo chai hupewa gredi: BP1 zenye chembe kubwa, PF1 zinazokwenda kwa wingi kwenye mifuko midogo ya chai, halafu PD, halafu D1, na zilizobaki. Wanafunzi wangu, kwa ugonjwa tuliowaambukiza, walidhani BP1 ndiyo yenye shahada ya daraja la kwanza na D1 imefeli. Mzee aliwashangaa. Zote ni za kichaka kimoja, zimechumwa siku moja. Ungo unatenganisha ukubwa wa chembe, na D1 ndiyo inayotia rangi upesi zaidi kwenye sufuria. Kijana aliyekuwa amepata D kwenye CAT yangu alivuta pumzi ndefu. "Basi mimi naiva haraka," akasema, na jina la D1 likamshika hadi leo.

Turudi kwenye 39.

Kanuni ya malalamiko niliyoileta ni hii: mwanafunzi aandike barua ndani ya wiki moja, ataje swali analolilalamikia na sababu, nami nitasahihisha upya karatasi nzima, na alama inaweza kupanda au kushuka. Hicho kipengele cha kushuka kimewekwa makusudi kuwatisha wababaishaji. Hakikumtisha mama mmoja aliyekuja Jumanne moja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa gambuti, mwavuli mkono mmoja na kibuyu cha maziwa ya mursik mkono wa pili. Mwanawe alisimama mbali chini ya mti, akijifanya amekuja na watu wengine.

"Chamgei, mwalimu."

"Chamgei mising, mama." Na hapo Kikipsigis changu kikaisha.

"Ni wewe daktari?"

"Hapana mama, ni mwalimu tu."

"Kijana anasema daktari."

"Wananiita hivyo wakitaka kitu."

"Basi goti langu halikuhusu." Akakaa kwenye benchi. "Sikuja kuomba alama. Nimekuja kuona mtu aliyepima."

Nikamweleza habari ya barua. Akafungua mfuko wa plastiki akatoa stakabadhi zake za majani, zimefungwa kwa mpira, za miezi na miezi. Barua yake ndiyo hiyo.

"Mimi nikipeleka majani, karani ananipimia nikiwa nimesimama. Akikata ya gunia, gunia naliona. Akikata ya maji, naona maji yakitiririka. Wewe ulimkata kijana moja. Ulikata ya nini?"

Karatasi ilikuwa mkobani. Nikaitoa, tukaipitia kwenye benchi lile, ukurasa kwa ukurasa, mama akifuata kwa kidole. Tukafika swali la tatu, sehemu ya pili. Linatoa ukubwa wa kache na ukubwa wa kila mstari wake, linataka idadi ya mistari na jinsi anwani inavyogawanywa. Kijana alikuwa ameandika jibu sahihi, moja kwa moja, bila mstari wa hesabu. Kanuni inasema jibu tupu ni nusu ya alama. Nikamwonyesha mama. Alimwita mwanawe, wakasemezana.

"Anasema alihesabu kwa kichwa."

"Kanuni inataka ionekane, mama. Kichwa chake mimi sikioni."

Alifikiri kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akiniweka kwenye mizani yake. Watu wa huku wanaijua habari ya kupimwa na mtu wasiyemwona. Kila mwaka KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ikitangaza bonasi, mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huambiwa chake ni kidogo kuliko cha mwenzake wa mashariki, na maelezo hutolewa: bei ya chai ya kiwanda chake kule mnadani Mombasa, ubora wa majani, gharama za kiwanda. Wanalalamika, tume zinaundwa, na mwaka unaofuata wanaambiwa tena. Nami, kwa bahati yangu, nilikuwa nimetoka hukohuko mnadani.

"Hii nimeiona," akasema mwishoni. "Atarudia. Lakini hiyo ya kuonyesha hesabu iandike kubwa. Umeiandika chini kabisa, na karatasi ya kijana wangu ililoa pale chini."

Alikuwa na haki. Ile 39 ilibaki 39, ikaenda sapu, ikarudi 58. Wapo wenzangu ambao wangeisukuma ifike 40 mapema waepuke safari ya mama, na siwalaumu. Kikao cha wachunguzi hakipendi kuiona namba hiyo. Mursik nilikataa kwa mujibu wa kanuni za chuo kuhusu zawadi. Mama akasema hiyo si ya alama, ni ya baridi, akaiacha kwenye benchi na kwenda zake. Niliinywa baada ya gredi kufungwa, kwa hiyo haikuwa hongo. Na kwa mtu aliyelelewa kwa tui la nazi, ile ladha ya mkaa haikuwa anasa pia.

Mtihani wa mwisho wenyewe ulipangwa na ofisi husika kuanza saa nane mchana. Sikuulizwa. Kanuni ya mtihani ilikuwa kali na fupi: simu zote zibaki nje, mlangoni, kwenye katoni. Watu waliweka simu katonini kwa utulivu ulionigusa. Saa tisa mawe yakaanza kupiga mabati, na kwenye ukumbi ule huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilikuwa nataka kutangaza kosa la chapa kwenye swali la nne. Nilipaza sauti mpaka mishipa ikasimama, safu ya mbele wakaniitikia wakidhani nasali. Nikaandika ubaoni. Stima ikapotea. Giza la Kericho alasiri ya mvua si la mchezo.

Kwa sekunde chache hakuna aliyetikisika. Halafu taa moja ikawaka pembeni. Ikafuata ya pili. Mara ukumbi mzima ukang'aa, tochi ya simu juu ya kila meza, vichwa vimeinama, kalamu zinakimbia. Katoni ilikuwa pale mlangoni, imejaa simu. Nilikwenda kuichungulia: zilikuwa zile simu duni ziitwazo kabambe, zilizokufa zamani, nyingine hazina betri, moja haina hata mgongo.

Msimamizi mwenzangu alinitazama. Kanuni ilitaka tuusimamishe mtihani na kuandika majina yote. Nilihesabu karatasi za ripoti tulizokuwa nazo, nikaona hazitoshi. Tukaamua kutembea kati ya meza na kuhakikisha mwanga unaelekea chini. Katika mwanga huohuo nilimkuta mmoja na mwakenya, kikaratasi cha kuibia mtihani, kilichorithi jina la lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980. Ukubwa wake ulikuwa wa tiketi ya matatu. Juu yake palikuwa na hatua zote tano za paipulaini, hatari zake tatu, na njia za kuzikwepa, kwa mwandiko mwembamba usio na hata neno moja la ziada. Nilimpeleka mbele ya kamati inavyotakiwa, na nilisikitika, maana ulikuwa muhtasari bora wa sura ile niliopata kuuona, ukiwamo wangu.

Kanuni za muhula huu ni ukurasa mmoja. Kazi inakabidhiwa saa nne asubuhi, kabla ya mvua, kwa mtandao au kwa mkono. Siku za akiba ni nne na haziuzwi, hazikopeshwi, wala haziwekwi rehani. Laptopu moja inaweza kutumiwa na darasa zima, mradi kila mtu aje kunieleza kwa mdomo mistari nitakayoichagua mimi. Malipo yangu ya muhula uliopita yamekwama kwenye hatua fulani ya idhini na zote za nyuma yake zinangoja. Nimeacha kuuliza ni kuni au ni nini. Nawe kama una kijana au binti darasani kwangu, mwambie aonyeshe hesabu. Nimeiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa.